Kwa Nini Makala Ndefu Huwashinda Wengi

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kumwita mvivu mwanafunzi aiachaye makala ndefu katikati. Historia ya usomaji katika lugha hii yatuonyesha kwamba lawama hiyo haimstahili yeye peke yake.

Hapo kale maandishi marefu ya Kiswahili yalikuwa chakula cha masikio. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 kwa hati za Kiarabu, una beti zaidi ya elfu moja. Tenzi za namna hiyo zilighanwa mbele ya hadhira. Vina na mizani vilisaidia kumbukumbu, na sauti ya mghani ilionyesha mahali pa kutua.

Nathari iliyochapishwa ilikuja baadaye. Msimulizi lilianza kutoka Unguja mwaka 1888, na Mambo Leo likafuata Tanganyika mwaka 1923. Sasa msomaji alibaki na ukurasa mtupu, pasipo sauti ya kumwongoza.

Kisha tuwatazame jirani zetu wa Tanzania. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Kufikia 1977 walikadiriwa kuwa asilimia 27 tu. Hiyo ni kazi ya kusifiwa. Vitabu vya kisomo vilihusu pamba, migomba, ufugaji na uvuvi, navyo vilimfaa anayeanza. Lakini ilitambulika mapema kwamba aliyehitimu husahau akikosa cha kusoma. Ndipo zikaanzishwa maktaba za vijiji, na mwaka 1974 gazeti la Elimu Haina Mwisho likaanza kutoka Mwanza.

Hapa pana somo kwetu. Kuzijua herufi ni jambo moja, kuifuata hoja moja katika kurasa kumi ni jambo jingine. Sisi humpa mwanafunzi kifungu cha aya tatu na maswali matano, naye huzoea kuwinda majibu. Makala ndefu yamtaka ayashike ya mwanzo huku akiyapokea mapya. Na kwa wetu, ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili au ya tatu, kila neno geni huikata kamba hiyo.

Basi tuisome makala ndefu kwa sauti darasani, juma kwa juma. Tutue kila hoja inapokwisha, tuulize: mwandishi ametutoa wapi, naye atupeleka wapi? Kurasa za mwisho tumwachie mwanafunzi azimalize mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.