Mwili Kabla ya Mimba: Historia ya Maandalizi ya Uzazi Meru na Embu

Katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, kuanzia Igembe na Tigania, kupitia Imenti, Mwimbi na Chuka, hadi Embu na nyanda kavu za Mbeere na Tharaka, mwili wa binti uliandaliwa kabla hajashika mimba. Maandalizi hayo yalilenga kumnenepesha. Katika nchi ya jembe, mizigo ya kuni mgongoni na njaa zilizorudi kila mvua ilipokosekana, nyama ya mwilini ilikuwa akiba ya kumvusha mama na mtoto hadi mavuno. Siku hizi mwanamke wa Meru mjini au Embu mjini anayekwenda kwa daktari akiwa na nia ya kuzaa huenda akashauriwa kinyume chake, yaani apunguze uzito kwanza. Ushauri huo umegeuka ndani ya karne moja tu. Katika karne hiyohiyo, kipindi kilicho kati ya usichana na mimba ya kwanza kilitoka mikononi mwa wazee, na hakuna aliyekichukua.

Kwa Wameru wa kabla ya ukoloni, msichana ambaye hajapitia jando la kike hakuruhusiwa kushika mimba, na jando lenyewe lilikuja akiwa amekomaa, mara nyingi akiwa ameshachumbiwa. Baada yake alitawishwa kwa majuma au hata miezi. Hakulima wala hakuteka maji. Wanawake wakubwa walimlisha, wakamfunza mambo ya ndoa, mimba na malezi, na alipotoka alipelekwa kwa mumewe. Ukeketaji uliofungua kipindi hicho ulikuwa jeraha lenye hatari: ulisababisha kuvuja damu na maambukizi, tena uliacha kovu lililofanya kujifungua kuwe kugumu zaidi. Hakuna hoja ya lishe inayoweza kuuhalalisha. Hata hivyo, mapumziko, chakula na mafunzo yaliyoufuata yalikuwa kitu kingine, na mtu anayetaka kuielewa historia ya uzazi wa eneo hili hana budi kuyatazama mambo hayo mawili kila moja kwa nafasi yake.

Chakula cha kulishia hakikuwa cha ajabu. Kilikuwa kilekile cha shambani, ila kwa wingi na bila kugawana na watoto: uji wa wimbi au mawele, mara nyingi uliochachushwa, ndizi za kupika, viazi vikuu, nduma, viazi vitamu na kunde za aina mbalimbali. Njahi, ile mbegu nyeusi yenye ukingo mweupe, ilipewa heshima ya pekee na mpaka leo hupikiwa mzazi aliyetoka kujifungua. Sayansi ya lishe haikuikuta desturi hii ikiwa imekosea sana. Njahi ina protini, madini ya chuma na asidi ya foliki, vitu ambavyo mwili wa mjamzito huvihitaji mno. Wimbi lina kalisi nyingi kuliko nafaka nyingine zilizozoeleka, na kuchachusha uji hupunguza viambato vinavyozuia madini ya chuma kufyonzwa tumboni. Kilichopungua kilikuwa nyama na maziwa, kwa kuwa mbuzi na ng'ombe walikuwa mali ya mahari na sadaka kabla ya kuwa kitoweo.

Wanaume nao walikuwa na maandalizi yao, ingawa hayakuitwa hivyo. Baada ya tohara, kijana wa Kimeru aliingia gaaru, nyumba ya wapiganaji, akaishi humo na rika lake kwa miaka. Katika muda huo wote hakuoa. Pombe ilikuwa ya wazee, si ya vijana. Kwa hiyo mwanamume alifikia ubaba akiwa mtu mzima, aliyezoea mazoezi makali, na asiye na mazoea ya kulewa. Lengo lilikuwa ulinzi wa nchi na nidhamu ya marika, lakini faida yake ilifika hadi kwenye uzazi.

Waingereza waliishinda Embu kwa silaha mwaka 1906, na mwaka 1908 wakafungua kituo cha utawala Meru. Baada ya muda, maofisa na wamishonari walianza kuhangaishwa na jambo moja: wasichana wa Meru waliopata mimba kabla ya jando walikuwa wakizitoa, kwa sababu mila haikumtambua mtoto wa namna hiyo. Wakiwa na hofu kwamba idadi ya watu ingepungua, maofisa waliamua kushusha umri wa jando la wasichana hadi kabla ya kubalehe, na katika miaka ya 1920 na 1930 waliusukuma uamuzi huo kwa nguvu ya serikali. Matokeo yake kwa mada hii yalikuwa makubwa, ijapokuwa hayatajwi sana. Jando lilitenganishwa na ndoa. Msichana mdogo aliyetawishwa na kulishwa hakuwa tena akielekea kwenye mimba, na alipoolewa miaka kadhaa baadaye, hakukuwa na utaratibu mwingine wa kumpumzisha wala kumlisha. Utawala uliokusudia kulinda uzazi ukawa umevunja kiungo kilichouandalia mwili.

Mwaka 1956, katikati ya Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau, baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipiga marufuku ukeketaji kote Meru. Maelfu ya wasichana waliasi kwa kujikata wenyewe, wakapewa jina la Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe", na wengi wao pamoja na wazazi wao walifikishwa katika mahakama za Kiafrika. Ukeketaji wa aina hiyo haukuwa na wiki za uji wala mafunzo ya bibi. Jeraha lilibaki, na malezi yaliyolizunguka yakapotea.

Wakati huohuo chakula kilikuwa kikibadilika. Mahindi meupe yaliyachukua mashamba ya mawele na wimbi, kwa kuwa yalizaa zaidi na yalikuwa na soko. Kahawa, ambayo Waafrika wa Meru na Embu waliruhusiwa kuipanda kwa majaribio katika miaka ya 1930, ilienea upesi baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa serikali ya kikoloni wa kuendeleza kilimo cha Waafrika, na chai ikafuata. Kaya iliyokuwa na mazao kumi shambani ikawa na mawili ya kuuza na mahindi na maharagwe ya kula. Fedha ya kahawa ilileta ada ya shule na mabati. Ilileta pia sukari, mkate na mafuta ya kupikia.

Hospitali za misheni ndizo zilizochukua jukumu la uzazi. Daktari Clive Irvine alifika Chogoria mwaka 1922 akiwa na Misheni ya Kanisa la Skotlandi, Wamethodisti wakajenga hospitali Maua, na Wakatoliki wa Consolata wakawa na yao Nkubu. Huduma hizi ziliokoa akina mama wengi, na hilo halina ubishi. Kufikia miaka ya 1980 Chogoria ilijulikana mbali kwa huduma zake za uzazi wa mpango zilizowafikia watu majumbani kupitia wahudumu wa kijijini, na familia za huko zilianza kupungua ukubwa mapema kuliko sehemu nyingi za Kenya. Lakini kliniki, kwa muundo wake, ilimpokea mwanamke akiwa tayari mjamzito, mara nyingi mimba ikiwa imeshavuka mwezi wa nne au wa tano. Kabla ya hapo alikuwa nje ya daftari.

Ni Embu iliyotoa ushahidi kwamba kuchelewa huko kuna gharama. Mwaka 1984 watafiti wakiongozwa na Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi walianza kufuatilia kaya za Kyeni Kusini, eneo la kahawa mashariki mwa mji wa Embu. Tafiti sambamba zilifanyika Misri na Meksiko. Swali lilikuwa moja: upungufu wa chakula usiofikia njaa kali hufanya nini kwa mwili na akili? Kazi ilipoanza, ukame wa 1984 ulipiga, na swali likapata jibu kwa namna ambayo hakuna aliyeitaka. Familia ziliwalinda watoto wadogo kabisa, huku watu wazima na watoto wa shule wakipunguziwa sahani. Wanawake waliingia kwenye mimba wakiwa wembamba, wakaongeza uzito pungufu sana kuliko ule unaotarajiwa, na hali ya mwili wa mama ikaonekana katika ukubwa wa mtoto aliyezaliwa. Upungufu haukuwa wa kiasi cha chakula tu. Mlo wa mahindi na maharagwe ulikosa vyakula vya wanyama, na pamoja navyo vitamini B12, zinki na chuma kinachofyonzwa kwa urahisi.

Watafiti walirudi Kyeni mwaka 1998 na kuzigawa shule 12 katika makundi. Watoto wa makundi matatu walipewa githeri, yaani mahindi na maharagwe, shuleni: kundi moja yenye nyama, jingine pamoja na maziwa, jingine iliyoongezwa mafuta. Kundi la nne halikupewa chakula. Waliokula nyama waliongeza misuli na kufanya vizuri zaidi katika majaribio ya kufikiri. Wasichana wa darasa lile sasa wako katika umri wa kuzaa, na kwa mantiki ya utafiti wenyewe, sahani ile ya githeri ilikuwa sehemu ya maandalizi ya uzazi wao.

Mwaka 1996, Tharaka ilianzisha jambo lililokaribia kuunganisha tena kilichokatika. Shirika la Maendeleo ya Wanawake, kwa msaada wa shirika la afya la PATH, liliandaa Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Wasichana walitawishwa kwa muda mfupi, wakafundishwa na wanawake wakubwa kuhusu miili yao, uzazi na afya, kisha wakatolewa kwa sherehe, bila kukatwa. Desturi hiyo ilisambaa Meru na wilaya nyingine, na ni mojawapo ya mambo mazuri kabisa yaliyobuniwa katika eneo hili. Sheria ya 2011 ilipopiga marufuku ukeketaji nchini kote, mfano wa sherehe mbadala ulikuwa umeshapatikana.

Wakati mafunzo haya yakienea, tatizo la uzito lilikuwa likigeuka. Mashine za kusaga zilikuwa zimeondoa kazi ya kinu na jiwe. Bodaboda, zilizoongezeka tangu kodi ya pikipiki ndogo iondolewe mwaka 2008, zilipunguza mwendo wa miguu hata vijijini. Chapati, mandazi na chai ya sukari vikawa vya kila siku. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikuta theluthi moja ya wanawake wa Kenya wenye umri wa kuzaa wakiwa na uzito uliozidi, na ule wa 2022 ulikuta asilimia 45 kati ya wenye miaka 20 hadi 49. Kazi ya mtafiti wa tiba David Barker wa Uingereza inaonyesha kwamba aliyezaliwa mdogo kwa sababu ya lishe duni ya mama huwa katika hatari zaidi ya kisukari na shinikizo la damu anapokuja kunenepa ukubwani. Mtoto wa ukame wa 1984 ana miaka arobaini hivi leo.

Uzito uliozidi huvuruga upevukaji wa mayai, huongeza kisukari cha mimba na kifafa cha mimba, na hufanya upasuaji wa uzazi uwe wa lazima mara nyingi zaidi. Kwa mwanamke mnene ambaye hedhi yake imevurugika, kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito mara nyingi hutosha kuirejesha. Kupungua huko kunafaa kufanywa kabla ya mimba, si ndani yake, na kwa mlo ambao bibi wa Mwimbi angeutambua: wimbi, njahi, mboga za majani, nduma, na sukari kidogo. Wanaume nao hupoteza ubora wa mbegu kwa unene, sigara na pombe, ingawa ni nadra mtu kuwaambia hivyo kliniki.

Kuhusu asidi ya foliki, ilithibitishwa mwaka 1991 kwamba huzuia kasoro za uti wa mgongo wa mtoto ikianza kutumiwa kabla ya mimba, kwa kuwa uti huo hujifunga ndani ya majuma manne ya kwanza. Vidonge vyake Kenya hutolewa katika kliniki ya wajawazito, majuma hayo yakiwa yameshapita. Ndiyo sababu sheria ya 2012 iliyolazimisha unga wa paketi kuongezewa virutubisho, asidi ya foliki ikiwamo, ilikuwa na maana kubwa. Kaya nyingi za Meru na Embu, hata hivyo, hupeleka mahindi yao wenyewe kwenye posho mili ya sokoni, na unga huo hauongezewi kitu.