Vinara Viwili Kabla ya Jua Kuchomoza

Mwindaji wa bei chee katika soko la vitu vya kale la Bermondsey, kusini mwa London, alijulikana kwa tochi yake. Ijumaa, giza likiwa bado totoro, alipita meza hadi meza. Aliokota kijiko, akakigeuza, akamulika mgongoni kumtafuta simba mdogo aliyegongwa hapo, alama ya fedha halisi ya Kiingereza. Aliyengoja kupambazuke aliambulia makombo.

Januari 2025 ilitimia miaka 30 tangu Uingereza ifute sheria iliyolipa soko hilo sifa, njema na mbaya. Sheria hiyo ya kale ilisema hivi: ukinunua kitu kwa nia njema katika soko la wazi lililoanzishwa kihalali, kitu ni chako, hata kama aliyekuuzia alikiiba. Mwenyewe akikikuta sebuleni kwako, atakitazama tu.

Soko lenyewe lilizaliwa ng'ambo ya pili ya mto Thames. Mwaka 1855 Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, alifungua soko kubwa la mifugo huko Islington. Siku zisizo za ng'ombe, wachuuzi wakatandaza bidhaa zao papo hapo. Soko hilo la wachuuzi, lililoitwa Caledonian, likawa gumzo la jiji hadi vita vya 1939 vilipolifunga. Amani iliporudi, wauza vitu vya kale walihamia Bermondsey, jina wakaja nalo: New Caledonian.

Kisa kinachosimulia vizuri zaidi tabia ya soko hilo kimo katika hukumu ya Mahakama ya Rufaa ya mwaka 1973. Desemba 1969 wezi waliiba nyumbani kwa mtu vinara viwili vya mishumaa vya thamani, vya mtindo wa Adam. Baada ya wiki chache, mfanyabiashara mmoja wa sanaa alidamka kwenda Bermondsey. Akaviona vinara mezani, akapatana bei, akalipa pauni 200. Wizi hakuujua. Polisi walipovishika, watu wawili walijitokeza, kila mmoja akisema ni vyake.

Sheria ilionekana kuwa upande wa mnunuzi. Lakini Jaji Denning alifukua maandishi ya Edward Coke, mwanasheria wa karne ya 17: mauzo ya soko la wazi yalindwe pale tu yanapofanyika kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, ili aliyeibiwa apate nafasi ya kupita na kuitambua mali yake. Je, mfanyabiashara alinunua saa ngapi? Kulikuwa kumeanza kupambazuka, ila jua lenyewe lilikuwa halijachomoza. Miaka hiyo, tena, Waingereza walikuwa wakijaribu kuacha saa zao mbele kwa saa nzima hata wakati wa baridi, hivyo jua lilichelewa zaidi kwenye saa za ukutani. Vinara vikarudi kwa mwenyewe.

Hapo ndipo wawindaji walipoumbuliwa. Bei chee ilipatikana gizani, ilhali kinga ya sheria ilianza na jua. Kadiri mtu alivyodamka, ndivyo alivyonunua kwa hatari yake mwenyewe.

Kilichoiua kabisa sheria hiyo ni aibu ya wanasheria wenyewe. Mwaka 1990 picha mbili, moja ya Gainsborough na moja ya Reynolds, ziliibwa Lincoln's Inn, makao ya mawakili. Zikauzwa Bermondsey kwa pauni mia na kitu. Bunge, lililokuwa limevumilia vilio vya walioibiwa kwa karne nyingi, safari hii halikukawia: sheria ikafutwa mwaka 1994, na ufutaji huo ukaanza kutumika Januari 3, 1995.

Tangu hapo soko limekuwa likisinyaa. Hoteli, sinema na maghorofa vimejengwa uwanjani, na meza zilizobaki zimebanwa katikati yake kama wageni wasioalikwa. Ni masikitiko kwa uwanja uliozaa kesi ambayo wanafunzi wa sheria bado wanaisoma. Huko Islington, angalau, mnara wa saa wa soko la mifugo ungali umesimama.

Bermondsey bado huuza Ijumaa asubuhi. Mwezi Juni wanunuzi wa kwanza hukuta jua limeshapanda. Desemba, wanaodamka bado wanahitaji tochi.