Aliyezoea kuuliza maswali: Mauricio Funes kutoka runinga hadi Ikulu

Ndugu zangu, kila uchaguzi unapokaribia, kwenye vyumba vya habari huanza minong'ono: fulani naye anachukua fomu. Mara nyingi fulani huyo ni mtangazaji, mtu ambaye sura yake inajulikana mpaka vijijini na sauti yake watoto wanaiigiza. Majirani zetu wa Kenya walimwona Mohammed Ali wa kipindi cha Jicho Pevu akiingia bungeni mwaka 2017 kwa kura za Nyali, kule Mombasa. Leo lakini nataka tutazame mbali zaidi, Amerika ya Kati. Huko yupo mwandishi wa runinga aliyeipanda ngazi hii mpaka juu kabisa akawa rais, na kwa kuwa ameshafariki, safari yake tunaweza kuipima tangu mwanzo hadi mwisho.

El Salvador ni kanchi kadogo. Ukiuchukua mkoa wa Tanga, inaingia humo yote na nafasi inabaki. Kati ya mwaka 1980 na 1992 nchi hiyo ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoua watu wapatao 75,000. Upande mmoja kulikuwa na serikali na jeshi lililokuwa likisaidiwa na Marekani, upande wa pili wapiganaji wa msituni wa FMLN. Mauricio Funes, aliyezaliwa mwaka 1959, alikulia humo. Kaka yake aliuawa mwaka 1980. Yeye alisoma katika chuo kikuu cha mapadri Wajesuiti, UCA, chuo ambacho Novemba 1989 askari wa serikali waliingia usiku na kuwaua mapadri sita, mfanyakazi wao wa nyumbani na binti yake.

Funes hakwenda msituni. Alichukua kipaza sauti. Mwishoni mwa miaka ya 1980 aliingia Canal 12, kituo kilichokuwa kikiwapa nafasi watu ambao vituo vingine viliogopa hata kuwataja, wakiwemo makamanda wa FMLN. Hebu fikiria maana yake katika nchi ambayo maneno mawili tu yangeweza kukupeleka kaburini. Baada ya mkataba wa amani wa Januari 1992 kipindi chake cha mahojiano cha asubuhi kikawa kama baraza la taifa. Mawaziri, matajiri, majenerali na wapiganaji wa zamani walipita pale, na kila mmoja aliulizwa. Mwaka 1994 alipewa tuzo ya Maria Moors Cabot ya Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, na kwa miaka mingi alikuwa pia mwakilishi wa CNN ya Kihispania.

Mwaka 2005 akaondolewa Canal 12. Wengi waliona kwamba kosa lake ni kuuliza sana, na nadhani hapo ndipo mwanasiasa alipozaliwa, hata kama mwenyewe alikuwa hajajua. Mtangazaji anayefukuzwa akiwa bado anapendwa huondoka na kitu ambacho mwenye kituo hawezi kukizuia, yaani imani ya watazamaji.

FMLN nao walikuwa wanaitafuta imani hiyo. Walikuwa wameshageuka chama cha siasa, lakini kila uchaguzi wa rais walikuwa wakishindwa na chama cha mrengo wa kulia, ARENA, kilichokuwa madarakani tangu mwaka 1989. Mwaka 2004 walimsimamisha kamanda wao mzee, Schafik Handal, wakaangushwa vibaya na Antonio Saca. Na huyo Saca, msomaji wangu, alikuwa nani? Mtangazaji wa mpira wa redioni aliyekuja kumiliki vituo vyake mwenyewe! Basi FMLN wakajifunza. Mwaka 2007 wakamtangaza Funes, mtu ambaye hajawahi kushika bunduki. Kwenye kampeni, wakati wanachama wamevaa nyekundu ya chama, yeye alivaa shati jeupe. Tarehe 15 Machi 2009 alishinda kwa asilimia 51.3 dhidi ya 48.7 za mgombea wa ARENA, Rodrigo Ávila. Miaka 20 ya chama kimoja Ikulu ikafikia tamati kwa kura, bila risasi.

Tusimnyime haki yake. Serikali yake ilianza kuwapa wanafunzi wa shule za umma sare na viatu bure. Novemba 2009, miaka 20 tangu mauaji ya UCA, aliwatunuku mapadri wale nishani ya juu ya taifa. Januari 2012 alikwenda El Mozote, kijiji ambako mwaka 1981 jeshi liliua raia karibu 1,000, wengi wao watoto, akaomba radhi kwa niaba ya dola. Kwa miaka mingi serikali zilizotangulia zilikuwa zimelikwepa jambo hilo. Mtu aliyekaa muda mrefu akiwasikiliza waathirika alijua ni maneno gani yalikuwa hayajasemwa.

Lakini mwaka huohuo likaja swali. Machi 2012 gazeti la mtandaoni El Faro liliandika kwamba viongozi wa magenge makubwa mawili, MS-13 na Barrio 18, wamehamishwa kutoka gereza lenye ulinzi mkali kwenda magereza nafuu, na kwamba hayo ni malipo ya kupunguza mauaji. Mauaji yalipungua kweli, kutoka kama watu 14 kwa siku hadi watano au sita. Serikali ilikana kwamba imefanya mazungumzo na magenge. Mwezi Septemba mwaka huohuo waziri wake wa usalama, Jenerali David Munguía Payés, akakiri mbele ya wanahabari wale wale kwamba mpango ulikuwa wa serikali. Mtu anaweza kubishana kama mpango ulikuwa mbaya au mzuri, maana maisha yaliokolewa. Ninalolitazama mimi ni kwamba yule aliyekuwa akiwabana wakubwa waseme ukweli alikuwa sasa anaongoza serikali inayokana, na waliokuwa wakimbana ni vijana wa taaluma yake mwenyewe.

Halafu fedha. Ikulu ya El Salvador kwa miongo mingi ilikuwa na fungu la siri, matumizi ambayo rais hakutakiwa kumwonyesha mtu risiti. Fungu hilo Funes alilikuta, hakuliunda. Kwa mtu wa habari, hili ndilo lilikuwa la kwanza kufungua madirisha yake. Hakuyafungua. Sheria ya kupata habari za umma ilianza kutumika wakati wake, mwaka 2011, lakini fungu la siri likaendelea kuwa la siri.

Aliondoka madarakani Juni 2014. Septemba 2016, huku akichunguzwa, alipewa hifadhi ya kisiasa Nicaragua na serikali ya Daniel Ortega. Novemba 2017 mahakama ya madai ilimkuta na hatia ya kujitajirisha isivyo halali, ikamwamuru arejeshe zaidi ya dola 400,000. Mwaka 2018 waendesha mashtaka wakamtuhumu kuchota dola milioni 351 za umma. Mwaka huohuo Saca, mtangani mwenzake wa zamani na rais aliyemtangulia, alikiri kuchepusha zaidi ya dola milioni 300 akafungwa miaka 10. Yaani watangazaji wawili wa vyama hasimu waliofuatana kwenye kiti kimoja, na fungu lile lile likawa chanzo cha kesi za wote wawili.

Funes alikana kila kitu, akaita yote mateso ya kisiasa. Hatuwezi kulipuuza hilo. Hukumu za jinai dhidi yake, ikiwemo ya miaka 14 iliyotolewa Mei 2023 kuhusu magenge, zilitolewa yeye akiwa hayupo, chini ya utawala wa Nayib Bukele, ambaye wabunge wake waliwaondoa majaji wa mahakama ya katiba mwaka 2021. Hata hivyo kesi ile ya 2017 na tuhuma za 2018 zilikuja kabla ya Bukele, wakati FMLN chenyewe kikiwa bado Ikulu. Nicaragua ilimpa uraia mwaka 2019, na kwa kuwa katiba yao haikuruhusu kumtoa raia, hakurudi tena. Alifariki Managua tarehe 21 Januari 2025, akiwa na miaka 65.

Kinachoniuma mimi kama ripota ni miaka ile ya mwisho. Alikuwa akiandika Twitter karibu kila siku, akijibu, akibisha, akituhumu. Sauti ilikuwa ile ile. Ila alikuwa akizungumza kutoka nchi ambayo serikali yake ilivamia vyumba vya habari na kuwafunga waandishi, na kwa mwenyeji wake huyo hakuwa na ukali ule wa asubuhi za Canal 12.

Sisemi mwanahabari asigombee. Ni raia kama wengine, na bunge lenye watu wanaojua kusoma nyaraka na kuuliza haliwezi kuwa hasara. Lakini tunapompigia kura mtangazaji tunachanganya mambo mawili. Tunadhani ujasiri wake wa kuuliza ni tabia yake ya kudumu, kumbe kwa sehemu kubwa ulitokana na kiti alichokalia. Akihama kiti, swali linabaki studio, na lazima awepo mwingine wa kuliuliza. El Salvador ilikuwa na bahati ya kuwa na El Faro. Mwaka 2023 gazeti hilo lilihamishia makao yake Costa Rica, likieleza kwamba limechoshwa na bughudha za serikali ya Bukele, mtu aliyetokea kwenye biashara ya matangazo na ambaye hahitaji mtangazaji wa kumhoji, maana anayo simu yake.

Kwa hiyo wakati mwingine ukisikia mtangazaji umpendaye anachukua fomu, muulize swali moja tu: ukishinda, ni mwandishi gani utakubali akuhoji kama ulivyokuwa ukiwahoji wenzako?