Friji, bika mbili na swali la Mpemba

Nimepotea hapa kama wiki tatu hivi, si mnajua tena, testi zimebana na bumu limechelewa. Leo nimerudi na kisa cha maabara ambacho kimenipeleka moja kwa moja kwenye historia, kwa hiyo nyie wa sanaa msikimbie.

Jumanne tulikuwa na kipindi cha maabara. Kazi yenyewe rahisi: chemsha maji, yamimine kwenye bika, soma kipimajoto kila dakika, halafu chora grafu ya namna yanavyopoa. Kundi letu tuko saba, kipimajoto kimoja. Tulipomaliza kuchora, grafu ikawa imepinda pasipotakiwa. Mwenzangu akaninong'oneza, "Acha kujitesa bwana, nina desa la mwaka jana, namba zote zimenyooka." Sitawadanganya, kalamu nilishaishika ninakili. Ndipo nikamkumbuka Mpemba.

Simsemi mtu wa Pemba. Namsema Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi wa Magamba walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unachanganya na sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Tatizo ni kwamba nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombania, kama sisi na kile kipimajoto chetu. Siku moja Mpemba akaona mwenzake anaweka maziwa ambayo hata hayakuchemshwa, na nafasi inaisha. Akaamua liwalo na liwe, akaingiza ya kwake yakiwa ya moto. Kama saa moja na nusu baadaye akafungua friji. Yake yameganda, ya mwenzake bado uji mzito.

Akamwuliza mwalimu wa fizikia. Jibu alilopewa ni kwamba amechanganyikiwa, jambo kama hilo haliwezekani. Baadaye, wakati wa likizo, rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini akamwambia kuwa yeye huweka maziwa ya moto siku zote, maana huganda haraka. Yaani muuza aiskrimu alikuwa anajua tayari!

Alipofika kidato cha tano, Shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Tangu hapo darasani ikawa utani, ukikosea hesabu unaambiwa umeleta hesabu ya Mpemba. Wangapi wetu tungenyamaza hapo? Mimi ningenyamaza. Yeye alikuta maabara ya baiolojia iko wazi mchana mmoja, hakuna mwalimu, akachukua bika mbili ndogo. Moja akatia maji ya bomba, nyingine ya moto, zote akaziweka sehemu ya barafu ya friji. Baada ya saa moja, bika iliyoanza na maji ya moto ilikuwa na barafu nyingi zaidi.

Sasa anaingia Denis Osborne. Huyu alikuwa akifundisha fizikia Chuo Kikuu kule Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki (kilijitegemea mwaka 1970). Alikwenda Mkwawa kuzungumza na wanafunzi, na kwenye muda wa maswali Mpemba akasimama: ukiweka maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100 kwenye friji moja, kwa nini yaliyoanza na nyuzi 100 ndiyo yanaganda kwanza? Wenzake wakacheka. Osborne alimwuliza kama kweli amelijaribu, kisha akaahidi kulipima akirudi Dar.

Aliporudi akamwagiza fundi wa maabara alijaribu. Hapa ndipo ninapopapenda. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli, ya moto yameanza kuganda kwanza, ila wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Jamani, huyo fundi ni sisi kabisa, kitabu kimeshasema, kwa hiyo macho ndiyo yanakosea. Lakini alirudia kweli, na akizidi kurudia majibu ni yale yale.

Na walitumia vifaa gani? Bika za ujazo wa sentimita za ujazo 100, maji sentimita za ujazo 70 kila moja, kipande cha plastiki ya povu cha kukalishia bika, na friji ya kawaida ya nyumbani. Basi. Wakapima joto karibu na juu na karibu na chini, wakaona juu kuna joto zaidi. Wakatandaza mafuta kidogo juu ya maji, kuganda kukachelewa sana, ishara kwamba joto lilikuwa likitokea zaidi upande wa juu. Mwaka 1969 Osborne na Mpemba wakachapisha makala pamoja kwenye jarida la *Physics Education*. Mpemba wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori, Mweka. Na Mkwawa alikochekwa? Tangu 2005 ni chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Ningeweza kuishia hapo niwaambie vifaa si kitu, moyo ndio kila kitu. Lakini huo ungekuwa uongo mtamu. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo bora zaidi, yakaja zaidi ya 22,000, na ubishi haukuisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walirudia majaribio Uingereza, wakasema hawaoni ushahidi wa kuridhisha kwenye maji. Wakaonyesha kwamba ukikosea urefu wa kipimajoto ndani ya bika kwa sentimita moja tu, unaweza kujiona umeona maajabu. Halafu mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, wakatumia punje ndogo mno ya kioo na mwanga wa leza, na kwenye mfumo wao huo chenye joto zaidi kilipoa haraka zaidi bila ubishi.

Mnaona? Friji ya jikoni ilitosha kuuliza swali, haikutosha kulimaliza. Kwa hiyo tuendelee kudai vipimajoto vya kutosha, kundi la watu saba kwa kimoja ni mchezo wa kuigiza. Ila siku vikija, vikatukuta bado tunanakili desa, vitakuwa samani tu. Mpemba alipata mtu mmoja aliyekubali kupima badala ya kucheka, na fundi aliyeandika alichokiona ingawa hakukiamini.

Ile sentimita moja ndiyo imenikosesha usingizi. Kipimajoto chetu Jumanne kilikuwa kinapokezanwa mikono saba, mara kinagusa chini ya bika, mara kinaelea juu. Lazima grafu ipinde! Desa nimemrudishia mwenyewe. Jana nikamfuata mzee wetu wa maabara, nikamwomba turudie. Akaniangalia kwa muda, akauliza, "Mmekosa nini?" Nikamwambia hatujui, ndiyo maana. Kasema twende Ijumaa saa nane mchana, na tuje na uzi wa kufungia kipimajoto kisicheze.

Namba zikitoka zimepinda tena, nitaziandika hivyo hivyo. Nikipata sapu mtanichangia nauli ya kurudi. Alamsiki.