Miaka Mitatu Bila Padre



Wapendwa taifa la Mungu, liko swali linalosikika mara kwa mara katika vigango vyetu, hasa wakati wa masika, njia zinapoharibika na Dominika kupita bila Misa: je, Mungu bado anatukumbuka? Huliuliza pia mama anayeuguza mtoto, na mkulima ambaye kahawa yake haikutosha kulipa deni la mbolea. Juma hili tungependa kulitafakari pamoja na Wakristo wa kwanza wa Buganda. Kifo chao wengi tunakijua. Tuitazame basi miaka iliyotangulia kifo hicho.

Tarehe 17 Februari 1879 Padre Simeoni Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, alifika Entebbe pamoja na Bruda Amans. Wote wawili walikuwa Wamisionari wa Afrika. Ubatizo wa kwanza ulifanyika Machi 1880. Lakini mwezi Novemba 1882, hali katika ikulu ya Kabaka Mutesa ikiwa imejaa mashaka, wamisionari waliondoka, wakavuka ziwa hadi kusini, katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Mwanza. Walirejea Julai 1885.

Tuwafikirie waliobaki. Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa walikuwa wamebatizwa tarehe 30 Aprili 1882. Matia Mulumba Kalemba na Luka Banabakintu walibatizwa tarehe 28 Mei mwaka huohuo. Ukristo wao ulikuwa na umri wa miezi tu. Sasa hapakuwa na Misa wala Kitubio, na hakuna aliyekuwa na hakika kwamba mapadre wangerudi.

Wakafanya nini? Kila mmoja alianzia pale alipokuwa. Mukasa, mtumishi wa ikulu, aliwafundisha sala na imani vijana waliohudumu pamoja naye. Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, aliwafundisha waliomjia. Huko Mityana, Kalemba na Banabakintu waliwakusanya waamini kusali. Mapadre waliporudi walikuta kundi limeongezeka. Padre alikuwa ameondoka, Mungu hakuondoka.

Ndugu wapendwa, tusidanganyane. Wako wanaohubiri kwamba anayemtumainia Mungu hapatwi na baya. Historia hii inawakanusha. Tarehe 15 Novemba 1885, miezi minne tu baada ya mapadre kurejea, Mukasa aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, kwa kuwa alikuwa amethubutu kumlaumu mfalme kuhusu kuuawa kwa James Hannington, askofu wa Kianglikana. Kabla ya kufa alimpelekea Kabaka ujumbe kwamba amemsamehe, na kwamba atubu. Usiku huohuo Karoli Lwanga alibatizwa, akashika nafasi yake ya kuwaongoza vijana wa ikulu, naye akafa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi 22 kuwa watakatifu.

Moyo unaoweza kumsamehe muuaji wake haupatikani kwa siku moja. Tunaamini kwamba wa Mukasa uliumbwa polepole katika Dominika zile zisizo na Misa, aliposali bila kuona jibu na kufundisha bila kujua mwisho wake. Kumtumaini Mungu kulimpa utulivu wa kutenda lililo haki siku hatari ilipofika. Hiyo ndiyo amani ya Kristo, aliyelala chomboni wakati mawimbi yakipiga.

Basi, hapa Hasamba na katika vigango vyetu, katekista anapoongoza ibada mbele ya watu kumi, asijione mlinzi wa nyumba iliyohamwa. Anasimama mahali pa Kalemba. Mwenye mgonjwa asali saa ileile kila siku, hata kwa maneno machache. Mwenye deni aifanye kazi iliyo mkononi mwake leo, wala asione haya kuiambia jumuiya yake ndogo ndogo shida yake. Na sisi jumuiya tumwendee kabla hajaita.

Watakatifu Mashahidi wa Uganda, mtuombee. Mungu awabariki nyote. Amina.