Kiti cha Diwani na Kiti cha Aliyetumwa

Neno diwani lina umri mkubwa kuliko halmashauri yoyote ya Tanzania. Katika miji ya Mrima, kuanzia Pangani hadi Bagamoyo na kusini yake, diwani au jumbe alikuwa mkubwa wa mji. Hakutawala peke yake, maana mji mmoja uliweza kuwa na majumbe kadhaa, kila mmoja na watu wake. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Mrima ambaye maandishi yake ni kiini cha kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903, ameeleza jinsi jumbe alivyotawazwa: ada alizowapa wenzake waliomtangulia na karamu aliyowafanyia watu wa mji. Bila ada hizo cheo hakikutimia. Ukubwa ulitoka mikononi mwa waliomzunguka mtu, nao ndio aliopaswa kukaa nao shaurini.

Kando ya kiti hicho Sultani wa Zanzibar aliweka kingine, cha liwali. Liwali hakuchaguliwa na mji. Alitumwa. Tangu hapo, kwa jinsi ninavyoisoma historia yetu, kila baraza la mahali limekuwa na viti viwili, cha aliyetokana na watu na cha aliyeletwa kwao, na habari ya halmashauri ni habari ya viti hivyo kusogezwa karibu au kusukumwa mbali.

Wajerumani walivisukuma vibaya. Akida, aliyetumwa na serikali na mara nyingi mgeni wa pale alipowekwa, aliwekwa juu ya majumbe, na jumbe naye akageuzwa msimamizi wa kodi na wa kazi ya lazima kwenye mashamba ya pamba. Jina la kale likabaki, maana yake ikageuka. Vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905, maakida na majumbe walikuwa miongoni mwa walioandamwa kwanza.

Mwingereza alikuja na njia nyingine. Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron alitunga sheria iliyowapa machifu mamlaka yenye mabaraza, mahakama na hazina zao, chini ya jicho la mkuu wa wilaya, Bwana DC. Sheria ya mwaka 1953 ikafungua mlango wa halmashauri za kuchaguliwa, na mwaka 1963 serikali ya uhuru ikaufuta uchifu kama chombo cha utawala. Dar es Salaam ilikuwa na baraza la manispaa tangu 1949, na meya wake wa kwanza Mwafrika alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi aliyetuachia Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Hunifurahisha kukumbuka kwamba baraza la jiji letu liliwahi kuongozwa na mtu aliyebeba neno hilo kwa maana zake zote mbili: diwani wa baraza, na mwenye diwani yake, yaani mkusanyiko wa mashairi.

Kisha ukaja mwaka 1972. Serikali ilitangaza Madaraka Mikoani, mpango ulioelezwa kuwa ni wa kuwapelekea wananchi madaraka. Halmashauri za wilaya zikavunjwa mwaka huo, na za miji zikafuata mwaka uliofuata. Mahali pake walikaa wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya, watumishi wa serikali kuu. Kilichokwenda mikoani kilikuwa maofisa na fedha, ilhali diwani mwenye kura, aliyeweza kumuuliza ofisa mbele ya watu fedha za barabara zimekwenda wapi, aliondolewa. Mijini athari ilionekana upesi: mitaro iliziba, taka zililala, barabara zilibomoka. Mwaka 1978 ilibidi itungwe sheria ya kuzirudisha halmashauri za miji. Sheria namba 7 na namba 8 za mwaka 1982 zikazirejesha halmashauri za wilaya na miji kwa ukamilifu, nazo zikaanza kazi mwaka 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikiri kwamba kuzivunja halmashauri na vyama vya ushirika yalikuwa makosa ambayo asingeyarudia. Nalipa uzito mkubwa ungamo hilo, maana ni kiongozi mwenyewe aliyepima kazi ya mkono wake.

Baraza la madiwani la leo limejengwa juu ya sheria hizo na ibara za 145 na 146 za Katiba. Wamo madiwani wa kata, wa viti maalumu na wabunge. Mwenyekiti, au meya katika jiji na manispaa, huchaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao. Pembeni yake huketi Mkurugenzi, mteule wa Rais, ambaye ndiye katibu wa baraza na hana kura. Viti viwili vya Mrima vimekutana kwenye meza moja. Diwani huamua, Mkurugenzi hutekeleza. Lakini Mkurugenzi ndiye anayeandaa makabrasha, na mwenye makabrasha huujua mjadala kabla haujafunguliwa.

Ndiyo maana maamuzi mengi huiva kwenye kamati za kudumu. Zahanati ya kijiji huanza kama ombi kijijini, hupita kamati ya maendeleo ya kata ambayo diwani ni mwenyekiti wake, hufika kwa wataalamu wa halmashauri, kisha kamati ya elimu, afya na maji, kisha ile ya fedha, uongozi na mipango, ndipo lije barazani. Linapofika huko limekwisha kukutana na ukomo wa bajeti uliotoka serikali kuu. Kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003 wananchi walipumua, ila baraza lilipoteza fedha iliyokuwa yake, likazidi kutegemea ruzuku. Na baraza lenyewe linaweza kuvunjwa: la Jiji la Dar es Salaam lilivunjwa mwaka 1996, tume ikaliongoza jiji hadi 2000, kisha likavunjwa tena Februari 2021 na Ilala ikapewa hadhi ya jiji.

Kwangu, hata hivyo, chombo chenye nguvu kuliko vyote kiko chini kabisa. Ni mkutano mkuu wa kijiji, ambamo kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, hutoka humo na hurudi humo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaizuia kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Mgogoro wa shamba ukifika kwenye baraza la ardhi au mahakamani, huulizwa muhtasari wa mkutano, na orodha ya mahudhurio yenye majina na sahihi za wanakijiji waliokuwapo siku ile.