Mwaka 1900, Kawangware

Kwa mujibu wa kompyuta ya chama kimoja cha Kawangware, kuna akina mama kumi na mmoja walioanza kuchanga pesa mwaka wa 1900. Hebu fikiria. Reli ilikuwa imefika Nairobi Mei 1899. Kanuni za kwanza za mji zilitolewa Aprili 1900, na mji wenyewe ulikuwa duara la maili moja na nusu kutoka ofisi ya afisa wa kikoloni. Kawangware ilikuwa nje kabisa ya duara hilo, na hao akina mama hawakuwa wamezaliwa.

Orodha hiyo si mchezo. Chama kilinunua shamba upande wa Kikuyu mwaka 1998 na sasa linagawanywa. Walikubaliana tangu mwanzo kwamba aliyejiunga kwanza atachagua ploti kwanza, na zile zinazogusa barabara ni tisa tu. Ukiipanga orodha kwa tarehe, wale wa 1900 wanaruka foleni yote na kuketi juu ya waanzilishi wa 1994. Urafiki wa miaka thelathini unaweza kuishia kortini hivyo hivyo.

Chanzo chake kiko mbali sana na Kawangware. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Mmarekani Wayne Ratliff, aliyefanya kazi katika maabara ya JPL kule California, aliandika programu ya kutunza orodha, akaiita Vulcan. George Tate na mwenzake walipoanza kuiuza wakaibatiza dBase II, ingawa dBase I haikuwahi kuwepo, na kampuni yao ikaitwa Ashton-Tate, ingawa hakukuwa na mtu yeyote anayeitwa Ashton. Wauzaji ni wauzaji. Mwaka 1984 ikatoka dBase III, na 1985 kampuni ya Nantucket ikaleta Clipper, iliyogeuza kazi ya dBase kuwa programu kamili inayojiendesha kwenye DOS bila wewe kununua dBase yenyewe.

Hiyo ndiyo iliyotufaa sisi. Kijana aliyesomea kompyuta town, katika vile vyuo vya ghorofani, angeweza kukuandikia programu ya duka, ya kliniki au ya chama, akubebee kwenye flopi moja. Chama chetu kilipata yake 1995. Nasema chetu kwa sababu shosho wangu ndiye mweka hazina tangu siku hizo.

Programu ilifanya kazi miaka na miaka, hata kompyuta ilipobadilishwa ikaja ya Windows XP. Halafu mashine ikafa, faili zikahamishiwa kwenye flash, na mwaka huu mtu akajaribu kuzifungua kwenye laptop mpya ya Windows 11. Ikakataa: programu hii haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta yako. Fundi mmoja town akamwambia shosho faili zimeoza, azisahau tu.

Hazikuwa zimeoza. Programu ya DOS imeandikwa kwa biti 16. Windows ya biti 32 ilikuwa na sehemu maalum ndani yake ya kuigiza DOS. Windows ya biti 64 haina sehemu hiyo, kwa sababu prosesa ikiendeshwa kwa biti 64 haitoi tena ile hali ya zamani ambayo sehemu hiyo iliitegemea. Na Windows 11 ni ya biti 64 pekee. Kwa hivyo usihangaike kubofya kulia na kuchagua eti iendeshwe kama Windows XP, hapo haisaidii kitu. Unahitaji DOSBox, programu ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya gemu za kale, inayoigiza mashine nzima. Niliiweka, nikaielekeza kwenye folda, na ile skrini ya buluu ikarudi na jina la chama juu. Shosho akacheka, akasema, "Huyo namjua."

Kwenye skrini ile kila kitu kilikuwa sawa. Miaka iliandikwa kwa tarakimu mbili: 94, 97, 00, 03. Shida ilijitokeza nilipofungua orodha yenyewe, ile faili ya DBF, kwa LibreOffice ili tuichapishe. DBF huhifadhi tarehe kwa tarakimu nane, mwaka mzima kwanza. Clipper, usipoipa agizo lingine, huchukulia kila mwaka wa tarakimu mbili kuwa wa karne ya 1900. Kijana yule hakuwa ameiagiza. Kwa hivyo tangu Januari 2000 programu ilikuwa ikiandika 1900, 1901, 1902, na skrini ikificha tarakimu mbili za mbele. Watu walingoja ndege zianguke usiku ule, zisianguke, tukasema Y2K ilikuwa porojo. Kumbe Kawangware ilipita kimya kimya.

Unaweza kuongeza miaka mia kwa kila tarehe iliyo kabla ya 1994 na kumaliza. Lakini orodha ya ardhi haitaki kubahatisha, so shosho akatoa daftari lake la mkono, tukapita jina kwa jina. Zote zililingana isipokuwa moja. Daftari linasema mama mmoja alijiunga Jumanne, 29 Februari 2000. Kompyuta inasema 1 Machi 1900.

"Ilikataa," shosho akasema. "Niliandika ishirini na tisa mara tatu, ikafuta. Nikaweka kesho yake."

Ilikuwa na haki ya kukataa. Mwaka 2000 ulikuwa mrefu, lakini 1900 haukuwa na 29 Februari, na programu iliamini iko 1900. Mama mwingine alijiunga 1 Machi asubuhi. Kwa kompyuta wamelingana siku, kwa daftari mmoja ametangulia, na kati yao kuna ploti ya tisa.

Wazee wa chama waliketi wakafuata daftari. Faili ya asili sikuigusa, nilisahihisha nakala, na zote mbili ziko kwenye flash ndani ya bahasha pamoja na daftari. Sorveya anakuja Jumamosi.